Mikono na gemu za mkononi: maswali ninayoulizwa bandani kwangu Moshi

Mimi ni fundi wa gemu za mkononi, yaani mashine za kuchezea zenye skrini na vitufe, hapa Moshi, si mbali na soko la Mbuyuni. Mtu huja analogi, kile kijiti cha kusukuma kwa kidole gumba, imekufa, au mashine haiingizi chaji. Tukiwa tunasubiri gundi ikauke, namwona anasugua kidole gumba, anakikunja na kukikunjua, halafu anauliza jambo lisilohusu mashine hata kidogo. Nimeamua kuyaweka majibu mahali pamoja, kwa sababu maswali yanafanana na wanaoumia ni wengi kuliko wanaosema.

Mimi si daktari. Ya mashine nimejifunza mezani. Ya mkono nimejifunza kwa kuumwa karibu mwaka mzima, na kwa mtaalamu wa utengamao, yaani wa kurudisha mwili kwenye kazi zake, ambaye alijibu kila nilichomuuliza bila kuchoka.

Fundi, gemu ni kukaa tu. Kwa nini mkono uume?

Shika mkono wako wa kulia kwa mkono wa kushoto, chini kidogo ya kiwiko, kisha chezesha vidole. Utasikia nyama inacheza huko ndani. Nguvu nyingi ya vidole haitoki kwenye vidole vyenyewe, inatoka huku juu na kushushwa na kano, zile kamba nyeupe ngumu unazoziona ukikata mguu wa kuku. Huku kwetu kila kitu tunakiita mshipa, lakini kano haipitishi damu kama mshipa. Kazi yake ni kuvuta. Zikifika kwenye kifundo cha mkono, kano hupita ndani ya ala nyembamba yenye ute, na kila unapobonyeza kitufe kuna kano inayoteleza ndani ya ala yake. Saa moja ya gemu ya mpira au ya kupigana ina mivuto mingi kuliko utakavyoweza kuhesabu.

Halafu kuna kule kushika. Wakati kidole gumba kinahangaika, vidole vingine na kiganja vimeibana mashine bila kuachia. Msuli uliobana muda mrefu bila kulegea haupati damu ya kutosha, nao huchoka upesi kuliko ule unaobana na kuachia.

Ila jibu ambalo ningependa kila mteja aondoke nalo ni hili: mkono hauna daftari la kazi na daftari lingine la starehe. Una daftari moja tu. Msusi aliyesuka tangu asubuhi, bodaboda aliyebana klachi na breki mchana kutwa huku usukani ukitetema, dada aliyefua ndoo tatu, kijana aliyepanda Kibosho kuchuma kahawa punje kwa punje, wote wakishika gemu usiku wanaandika kwenye ukurasa uleule. Zile dakika arobaini za gemu zimekuja juu ya deni lililokuwepo tayari. Kwa hiyo mtu akiniambia anaumwa, simuulizi kwanza anacheza gemu gani. Namuuliza mchana anafanya nini.

Eti kuna ugonjwa kabisa wa Nintendo?

Jina lipo. Mwaka 1990 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha barua ya daktari wa Marekani kuhusu mwanamke wa miaka 35 aliyecheza gemu ya kampuni ya Nintendo kwa saa tano mfululizo, kisha kidole gumba cha kulia kikamuuma vibaya. Daktari akayaita maumivu yale "Nintendinitis". Kabla ya hapo, mwaka 1981, jarida hilohilo lilikuwa limeandika habari za kifundo cha mkono cha mtu aliyezidisha kucheza gemu ya Space Invaders.

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha 2015, cha kijana wa miaka 29 huko Marekani aliyecheza gemu ya kupanga vitu kwenye simu kwa mkono wa kushoto, karibu kutwa nzima, kwa wiki sita hadi nane. Kano ya kidole gumba chake ilikatika, ikabidi afanyiwe upasuaji. Madaktari walioandika habari zake walijiuliza kama raha ya gemu inaweza kuyafunika maumivu wakati mtu anacheza. Mimi naliamini hilo kwa mwili wangu mwenyewe, kwa sababu maumivu yangu yalikuwa yanaanza nikishaizima mashine.

Kidole gumba kinauma upande wa juu, karibu na kifundo. Ni nini?

Huenda ni ugonjwa wa de Quervain. Fritz de Quervain alikuwa daktari wa upasuaji wa Uswisi, na aliueleza mwaka 1895, wakati ambapo hakukuwa na gemu ya aina yoyote. Kano mbili za kidole gumba hupita pamoja kwenye ala moja upande wa kifundo. Ala ikinenepa, kano hazipiti tena bila kukwaruza.

Mimi ulinipata 2022. Mchana nilikuwa nashika bisibisi ndogo za kufungulia simu na gemu, usiku nacheza Steam Deck, gemu kubwa ya mkononi, kitandani. Kwa miezi nilijiambia ni uchovu. Jioni moja nafunga banda nikauzungusha ufunguo wa kufuli, maumivu yakapanda kutoka kidole gumba mpaka katikati ya mkono, ufunguo ukaanguka. Nikamalizia kufunga kwa mkono wa kushoto. Wiki hiyo niligundua siwezi kuinua sufuria ya maji kwa mshikio wake, na kufungua kifuniko cha chupa ya soda ilikuwa kazi.

Njia ya kujipima ni hii. Kunja kidole gumba ndani ya kiganja, kifunike kwa vile vidole vinne, kisha inamisha ngumi taratibu kuelekea upande wa kidole kidogo. Mkono usio na tatizo husikia mvuto tu. Mkono wenye tatizo hili husikia maumivu makali pale pale kwenye kifundo. Fanya polepole na mara moja inatosha, kwa sababu kurudiarudia kunaichokoza. Na usijipe hukumu kwa kipimo hicho peke yake, maana kuna magonjwa mengine ya shina la kidole gumba yanayouma karibu sawa.

Hospitalini mtaalamu alichovya kipande cha plastiki kwenye maji ya moto, kikalainika kama chapati. Akakilaza mkononi kwangu kikiwa bado vuguvugu, akakishikilia mpaka kikakauka kwa umbo la mkono wangu. Wanakiita splinti. Kilizuia kidole gumba na kifundo visitembee, nikakivaa wiki sita, mchana na usiku, nikikivua kwa kuoga na kwa mazoezi aliyonielekeza.

Mimi siumwi, ila naamka usiku mkono umekufa ganzi.

Angalia ganzi iko kwenye vidole vipi, hapo ndipo siri ilipo. Kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete vikifa ganzi, neva, yaani mshipa wa fahamu, inayobanwa ni ile inayopita katikati ya kifundo, kwenye njia nyembamba ambayo inagawana na kano tisa. Kano zikivimba, neva inakosa nafasi. Usiku huwa mbaya zaidi kwa sababu wengi tunalala tumekunja vifundo.

Kama ganzi iko kwenye kidole kidogo na nusu ya pili ya kidole cha pete, sababu mara nyingi ni kiwiko. Ile neva inayokupiga shoti ukijigonga kiwiko ndiyo hiyo. Ukicheza saa mbili umekunja viwiko mpaka mashine iko karibu na uso, au umeviegemeza kwenye ukingo wa meza, unaivuta na kuibana neva hiyo. Nyoosha mikono, weka kitu laini chini ya viwiko, na wengi hupata nafuu.

Wenye kisukari, wenye tatizo la tezi ya shingo na wajawazito hupata ganzi ya kifundo kwa urahisi zaidi. Wao wasisubiri, waende kupima mapema.

Bibi anasema ni baridi yabisi, eti nimeshika maji baridi mikono ikiwa na joto la gemu.

Bibi mheshimu, maana anakutakia mema, na wengi tumelelewa tukiambiwa tusiguse maji baridi baada ya kupiga pasi. Lakini maji baridi hayaleti baridi yabisi. Baridi yabisi ya kweli ni kinga ya mwili kugeuka na kushambulia viungo vyake yenyewe. Dalili zake hazifanani na za gemu: viungo vingi huvimba kwa pamoja, mara nyingi mikono yote miwili, na asubuhi vidole hukaza kwa saa nzima au zaidi kabla havijalegea. Ukiona hivyo, gemu iweke kando na uende hospitali, kwa sababu dawa zake zipo, na kuchelewa ndiko kunakoharibu viungo.

Kuvunja vidole mpaka vilie je, kunaharibu?

Hapana. Kuna daktari wa Marekani, Donald Unger, aliyevunja vidole vya mkono mmoja tu kwa zaidi ya miaka 60, kisha akailinganisha mikono yake miwili. Hakuna uliokuwa na ugonjwa wa viungo.

Nataka kununua. Ipi haichoshi mkono?

Anza na uzito, lakini usiishie hapo. PSP ya Sony ya mwaka 2004 ilikuwa na gramu 280 pamoja na betri, na Vita iliyofuata 2011 ilikuwa 260 hivi. Switch ya Nintendo ya 2017 pamoja na vidhibiti vyake ni karibu gramu 398, Switch Lite ya 2019 ni 275, ile yenye kioo cha OLED ya 2021 ni 420, na Switch 2 ya 2025 imefika 534. Steam Deck ya kwanza ina gramu 669, ya OLED 640. ROG Ally X ni 678. Legion Go ya 2023, pamoja na vidhibiti vyake, ni gramu 854. Kashike pakiti ya sukari ya nusu kilo mbele ya kifua kwa dakika kumi ndipo uchague.

Sasa, nyepesi siyo lazima iwe laini mkononi. Switch Lite ni nyepesi lakini ni bapa kama sahani, haina pa kushika. Mtu mzima mwenye mikono mikubwa huikunja vidole kama makucha, na kidole gumba kinabana badala ya kupumzika. Steam Deck ni nzito, lakini ina mashavu yanayojaza kiganja, uzito unalala kwenye mkono mzima. Wapo wateja wangu waliotoka kwenye ndogo kwenda kwenye kubwa na maumivu yakapungua. Wapo waliofanya kinyume chake na wakapona pia, hasa wenye mikono midogo. Ndiyo maana mtu akija kununua namwambia aishike, acheze nusu saa nzima palepale kwenye benchi. Dakika tano hazisemi kitu.

Zile ndogo zenye gemu 400 ndani, wanazopenda kununuliwa watoto, zina vitufe vidogo vilivyosongamana. Kwa mtoto sawa, kwa muda mfupi. Kwa mtu mzima, vidole gumba vinakunjwa mpaka mwisho, na kidole kilichokunjwa mpaka mwisho kinatumia nguvu nyingi kupata matokeo madogo.

Mangi, nasikia unatengeneza mshikio kwa kandambili. Unafanyaje?

Ni kweli, na hili nalipenda kuliko kazi zote ninazofanya. Vishikio vya dukani vipo na ni vizuri, lakini vimetengenezwa kwa mkono mmoja wa wastani ambao sijawahi kukutana nao.

Unachukua kandambili nene iliyochakaa, uioshe, uiache ikauke kabisa. Mteja anashika mashine ikiwa imezimwa, anafumba macho, analegeza mabega. Mimi naangalia nyuma, pale vidole vitatu vya mwisho vinapopita. Karibu kila mara kuna nafasi tupu kati ya kiganja na mashine, na ndiyo anayoiziba kwa kubana. Naipima kwa kipande cha udongo wa kuchezea wa watoto: akishika, udongo unajaa ile nafasi, akiachia unabaki na umbo. Nakata kandambili kufuata umbo hilo, moja ya kulia na moja ya kushoto, kwa sababu hazifanani. Nasugua kwa msasa mkavu mpaka zinakuwa kama nusu yai lililolala. Kona yoyote ukiiacha, kesho yake utaisikia kwenye kiganja.

Kisha nazibandika kwa tepu ya pande mbili kwenye kava la plastiki, siyo kwenye mashine yenyewe. Gundi ya moja kwa moja huharibu mashine, na siku ya kufungua skrubu utajuta. Matundu ya kupumulia mashine hayazibwi hata kidogo. Steam Deck hutoa hewa ya moto juu na kuvuta hewa kwa nyuma, hivyo huko nyuma lazima uache nafasi kubwa. Juu ya kandambili nazungushia utepe wa raketi au ule wa usukani wa baiskeli, usiteleze.

Mashine inaongezeka gramu chache na mteja anaiona nyepesi. Hajakosea, kwa sababu sasa inakaa mkononi bila kubanwa.

Inawezekana mashine mbovu ndiyo inayoniumiza?

Inawezekana sana, na hili halisemwi vya kutosha. Chini ya kitufe kuna mpira mdogo wenye umbo la kikombe, na chini ya mpira kuna mahali pa kugusana. Soda ikimwagika, au vumbi la kiangazi likiingia, kitufe hakisikii mpaka ukikandamize. Mtu hajui kwamba ameongeza nguvu. Ubongo wake umejifunza tu kwamba kitufe kile kinataka nguvu, na mbaya zaidi, akikizoea anabonyeza hivyo hivyo hata vile vizima.

Jipime: izime mashine, bonyeza kila kitufe kwa ncha ya kidole kidogo cha mwisho. Kikikataa kushuka kwa kidole hicho, kina kasoro. Mara nyingi dawa yake ni kufungua, kusafisha kwa spiriti na pamba ya masikio, na kubadilisha mpira. Ukirudishiwa mashine, siku mbili za kwanza jikumbushe kubonyeza kama unagusa yai.

Analogi nayo ikianza kutembea yenyewe, unaishikilia kwa kidole gumba muda wote isiende, yaani unashindana nayo saa nzima. Za kawaida hukwaruza njia ya kaboni ndani, na njia hiyo huisha. Zipo analogi za sumaku, zinaitwa za Hall kwa jina la Edwin Hall aliyegundua jambo hilo mwaka 1879. Ndani yake sumaku haigusi kinachoisoma, kwa hiyo hakuna njia ya kaboni ya kuisha. Ila nyingine zina springi ngumu, basi ulizia laini.

Nikae vipi? Mimi nachezea kitandani.

Kulala chali umeinua mashine juu ya uso ndiyo staili iliyoniharibu mimi. Mabega yanabeba, vifundo vinakunjwa, na ukisinzia inakuangukia. Kaa ukiegemea, weka mto au blanketi lililokunjwa mapajani, viwiko vilale juu yake, mashine iinuke kuelekea macho badala ya shingo kuinama kuelekea mashine. Vifundo viwe vimenyooka, mstari mmoja na mkono. Hiyo peke yake inapunguza nusu ya malalamiko ninayosikia.

Kama una Switch ya kawaida au Switch 2, chomoa vidhibiti, simamisha skrini mezani, mikono ilale kila mmoja upande wake kama umekaa kwenye kochi la mgeni. Watu husahau kabisa kwamba jambo hilo linawezekana.

Na kwenye Coaster ya Arusha?

Kilomita 80 hivi, na matuta yasiyoisha kuanzia Boma Ng'ombe mpaka Tengeru. Kila tuta unabana mashine isianguke, na mtetemo wa gari nao unakufanya ubane. Weka begi mapajani uiegemeze, zima mtetemo wa mashine yenyewe, na uchague gemu za kupeana zamu badala ya zile za kukimbizana.

Nikiwa Arusha vidole vinakaza, Moshi haviumi. Ni hewa?

Ni baridi. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi ni kati ya 800 na 900, na mwezi wa Juni na Julai tofauti hiyo unaisikia kwenye vidole. Mkono wa baridi una damu kidogo, vidole havina wepesi, na unaongeza nguvu bila kujua. Kunywa chai ukiwa umekumbatia kikombe kwa mikono miwili, kunja na kukunjua vidole mara ishirini, ndipo uanze.

Moshi tuna shida ya kinyume chake. Januari na Februari jasho linafanya mashine iteleze, nawe unabana zaidi. Kitambaa cha pamba kando yako na ule utepe wa raketi vinatosha.

Nipumzike baada ya muda gani?

Nintendo wenyewe wanashauri dakika 10 hadi 15 kila baada ya saa moja, hata kama hujisikii kuchoka, na wanasema ukisikia maumivu au uchovu mkononi uache kwa saa kadhaa. Mimi nafanya mapema zaidi: nusu saa, kisha nasimama. Kupumzika siyo kuhama kutoka gemu kwenda kwenye simu, kwa sababu kidole gumba hakijui kwamba sasa unasoma meseji. Kachote maji, kaanue nguo, zungumza na mtu.

Kuna mipangilio ya mashine inayosaidia?

Ipo, na ni bure. Switch tangu Aprili 2020 inakuruhusu kubadilisha kazi za vitufe. Kama kidole gumba cha kulia ndicho kinachouma, hamishia kazi ya kitufe unachokibonyeza zaidi kwenye kitufe cha begani, kule juu ya mashine, uipe kidole cha shahada. Steam Deck ina vitufe vinne vya ziada nyuma, na inaweza kugeuza kitufe cha kushikilia kiwe cha kubonyeza mara moja tu, au ikabonyeza mfululizo kwa niaba yako. Gemu nyingi pia zina sehemu ya msaada kwa wachezaji ambapo unaondoa zile hatua za kubonyezabonyeza haraka. Zitumie bila aibu.

Mwanangu ana miaka tisa. Anacheza sana, ila hajasema anaumwa.

Mama, mtoto hasemi, kwa sababu anajua akisema utamnyang'anya. Mwangalie akiandika kazi za shule. Ukiona anautikisa mkono katikati ya mstari, anashika penseli kwa ngumi, au amebadilisha mkono wa kubebea begi, hiyo ni taarifa. Mwahidi kwamba akisema anaumwa hutamnyima gemu moja kwa moja, bali mtapunguza pamoja, na ahadi hiyo uitimize. Kumbuka daftari lile moja: siku ya mtihani au ya kuandika sana, gemu iwe fupi.

Nimejifungua miezi miwili iliyopita, kidole gumba kinauma, na gemu nacheza kidogo sana.

Pole, dada. Ule ugonjwa wa de Quervain huwapata sana kina mama wenye watoto wachanga, kwa sababu ya kumnyanyua mtoto kwa kumshika makwapani huku vidole gumba vimepanuka. Mnyanyue kwa kupitisha viganja chini yake, kama unachota. Gemu ipumzishe kwa sasa, na waeleze siku ya kliniki.

Nichue? Nimeze dawa? Nikande kwa moto au barafu?

Kuchuliwa kwa nguvu mahali palipovimba kunaongeza moto. Nyama ya juu ya mkono, ile ya chini ya kiwiko, unaweza kuikanda taratibu kwa mafuta, na inasaidia, lakini pale kwenye kifundo panapouma paache.

Siku mbili tatu za kwanza, barafu. Ile ya kwenye pakiti wanayouza watoto inafaa kabisa, ifunge kwenye kitambaa, dakika 10 hadi 15, isiguse ngozi moja kwa moja. Kukaza kwa muda mrefu kusiko na uvimbe hupenda joto.

Jeli ya diklofenaki, dawa ya maumivu ya kupaka, husaidia baadhi ya watu. Vidonge vyake ni habari nyingine: mwenye vidonda vya tumbo, shinikizo la damu, shida ya figo, pumu, au mjamzito asinunue bila kuongea na daktari. Na nakuomba sana, usimeze kidonge ili uweze kuendelea kucheza. Utakuwa umezima kengele huku nyumba inaungua.

Niende hospitali lini, na wapi?

Siku hiyohiyo kama kidole ghafla kimekataa kunyooka, kama ulianguka, au kama mkono umevimba, mwekundu, na una homa. Ndani ya wiki kama ganzi haiondoki mchana, kama vitu vinakuponyoka mkononi, au kama ile nyama ya chini ya kidole gumba imeanza kubonyea ukilinganisha na mkono wa pili. Vingine vyote, kama wiki mbili za kupumzika hazijabadilisha kitu.

Anza zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe. Hospitali ya mkoa kwa Moshi ni Mawenzi, kwa Arusha ni Mount Meru, na rufaa ya kanda ni KCMC, ambako pia wanafundishwa wataalamu wa utengamao. Ukifika, usione haya kutaja gemu. Sema ukweli wa saa unazocheza na kazi unayofanya mchana, na kama unaweza, nenda na mashine yenyewe uwaonyeshe unavyoishika. Mimi nilipofanya hivyo, yule mtaalamu alitazama nusu dakika tu, akanionyesha kifundo changu kilivyokunjwa.

Nimepona. Nianze lini kucheza tena?

Mkono ukishafanya kazi za nyumbani wiki nzima bila kuuma: kufungua kufuli, kukamua nguo, kuinua sufuria. Anza na dakika kumi, siku unacheza, siku unaacha. Angalia asubuhi inayofuata, maana majibu ya kweli huja asubuhi. Ikiwa shwari, ongeza dakika tano. Ikiuma, rudi kwenye muda wa mwisho ambao haukuuma na ukae hapo wiki nzima. Siku uliyofanya kazi nzito ya mikono usiihesabu, iruke. Mimi ilinichukua miezi minne kufika saa moja, na saa moja ndipo nilipobaki.